Nyama Iliyotushinda Siku ya Ijumaa



Wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa. Ukurasa huu umezoea kuwaelekeza wengine namna ya kupika, lakini Ijumaa iliyopita jiko letu wenyewe, hapa Kariakoo, lilituaibisha mbele ya wageni. Tuliwaalika jamaa kumi na wawili kwa chakula cha mchana baada ya Swala, nao walikuja kwa nia moja hasa: kula kwa mkono wa mkamwana wetu, ambaye hajatimiza miezi miwili tangu aingie nyumbani. Palikuwa na wali wa nazi, mchicha, kachumbari na rosti ya nyama ya ng'ombe kilo tatu. Wali ulisifiwa. Mchicha ulikwisha. Rosti ikabaki.

Ilibaki kwa sababu mbili ambazo kila aliyewahi kupika anazijua: ilikuwa ngumu, na chumvi ilikuwa imezidi. Wageni walitafuna kwa adabu, wakanywa maji mara kwa mara, kisha vidole vikahamia kwenye mchicha. Kimya kikawa kirefu, mpaka wifi yetu mkubwa, mtu wa maskhara tangu ujana wake, akaangalia upande wa mkamwana na kumwuliza, "Bibi harusi, nyama hii imechinjwa au imechongwa?" Watu wakacheka. Nasi tukacheka. Binti yule alitabasamu, akainuka na kusema anakwenda kuongeza maji ya kunywa, na hakurudi mezani mpaka wageni walipoaga.

Tulimkuta jikoni. Alikuwa amekwisha kuosha vyombo vyote, na sufuria ya rosti ameishika kwa mikono miwili juu ya ndoo ya taka. "Mama," alisema, "nimewaaibisha. Niacheni niimwage, isionekane tena."

Hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo kicheko kilitusahaulisha. Aliyekwenda kununua nyama ile ni sisi. Aliyechelewa kurudi sokoni ni sisi. Aliyesema "ongeza moto, wageni watafika" ni sisi. Na katika chumvi ile iliyozidi, mkono wa kwanza ulikuwa wetu: tuliitia nyama ilipoanza kuchemka, hatukumwambia, naye akatia ya kwake kama mpishi yeyote angalivyofanya. Kosa lilikuwa la watu wawili, lakini aibu aliibeba mmoja, tena mdogo na mgeni.

Tukaipokea ile sufuria. Tukamwambia, "Mwanangu, hii haimwagwi. Ulilofanya wewe ni kutii. Tukae tuangalie imeharibika wapi, kisha tuitengeneze pamoja." Tunayoyaandika leo ndiyo tuliyoyafanya tangu alasiri ile hadi Jumatatu, na tunayaandika kwa kuwa tunaamini hakuna nyumba isiyowahi kupatwa na sufuria ya namna hiyo.

Nyama iliharibika wapi?

Kwanza, ilikuwa mbichi mno. Nyama inayouzwa asubuhi katika mabucha yetu ya Kariakoo na Ilala kwa kawaida imechinjwa usiku au alfajiri ya siku hiyo hiyo. Tunaipenda hivyo, maana tunajua haikulala. Lakini misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na ya ng'ombe huhitaji siku moja au zaidi mahali pa baridi ndipo ilegee. Anayeipika katika saa zile za kukakamaa atapata ugumu hata kama amechagua vizuri. Wengi wameliona hili siku ya Idd al-Adh-ha, nyama ya udhhiya inapotoka uani na kuingia moja kwa moja motoni.

Pili, sehemu tuliyonunua ilikuwa shingo na muundi. Hizi si sehemu mbaya. Kwa ladha, huenda zikaishinda steki. Lakini zina utando na mishipa mingi, kwa kuwa ni viungo ambavyo mnyama huvifanyisha kazi kila siku. Utando huo hauyeyuki kwa haraka. Hulainika kidogo kidogo katika unyevu na moto mdogo, kwa saa mbili, tatu au zaidi, ukageuka ule utelezi unaoufanya mchuzi uwe mzito na kunata midomoni. Sisi tuliupa saa moja na robo.

Tatu, moto ulikuwa mkali. Kuna dhana kwamba nyama ngumu hulainishwa kwa kuchemshwa kwa nguvu. Mambo ni kinyume chake. Mtokoto mkali huzikaza nyuzi za nyama na kuyakamua maji yaliyomo ndani yake, hata ikawa imezama katika mchuzi na bado ni kavu mdomoni. Mtokoto unaofaa ni ule wa povu moja moja linalopanda kwa utulivu.

Yote matatu yanazuilika. Anayenunua nyama kwa ajili ya Ijumaa na ainunue Alhamisi asubuhi, aifunike vizuri na kuilaza katika friji. Asiye na nafasi hiyo na atumie papai bichi, dawa ambayo mama zetu waliijua zamani: kipande kidogo kilichokunwa, kikapakwa nyama mbichi kwa muda wa nusu saa hivi. Utomvu wa papai bichi humeng'enya nyuzi za nyama. Lakini kiasi kisizidi wala muda usizidi, maana nyama hugeuka uji juujuu na kubaki ngumu ndani.

Kuiokoa

Kuhusu chumvi, wengi tumerithi ushauri wa kutumbukiza kiazi kibichi kwenye mchuzi ili "kiinyonye". Kiazi hunyonya mchuzi, na chumvi iliyomo katika mchuzi ule huingia nacho, basi. Hakichagui chumvi na kuacha maji. Mchuzi unaobaki una ukali ule ule. Dawa ya chumvi iliyozidi ni kuigawa: ama kwa kuongeza maji, ama kwa kuongeza chakula kisicho na chumvi kabisa. Tulitumia njia zote mbili.

Tuliitoa nyama kwenye mchuzi wake, mchuzi tukauweka pembeni wala hatukuumwaga. Nyama tukaitia katika sufuria safi, tukaifunika kwa maji ya moto yasiyo na chumvi, pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa na kijiti cha mdalasini. Jiko la gesi tukaliacha. Tukawasha mkaa, tukasubiri ushike majivu, tukapunguza vipande mpaka moto ukawa mdogo. Adhana ya Alasiri ilisikika tunafunika sufuria, na ile ya Magharibi ilitukuta tukifunua. Tulipotia uma, nyama iliachana yenyewe. Chumvi iliyokuwa imeizidi ilikuwa imehamia katika maji, na maji yale yamekuwa supu nyepesi ambayo tuliinywa usiku ule kwa ndimu na pilipili mbuzi.

Ilibaki nyama ya kilo moja na nusu hivi. Tukaichambua kwa mkono, tukaigawa mafungu matatu ya nusu kilo, kila fungu katika chombo kipana kisicho na kina. Hili la chombo lina sababu. Chakula kilichojazwa katika sufuria ndefu hubaki na joto katikati kwa saa nyingi, na joto hilo la uvuguvugu ndilo vijidudu hulipenda. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, chakula kilichopikwa kisikae nje kupita saa mbili, na katika siku za joto kali kisizidi saa moja. Kilichowekwa friji kiliwe ndani ya siku tatu, na kinapopashwa kipashwe mpaka kitokote. Wali uliobaki utunzwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa vipo vijidudu vya wali vinavyotoa sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Mwiku wa asubuhi ni mtamu kwa chai, lakini uwe ulipozwa mapema usiku na kuhifadhiwa, si ule uliolala mezani chini ya kawa.

Jumamosi: katlesi

Fungu la kwanza lilikuwa la katlesi, chakula kinachoifaa zaidi nyama yenye chumvi, kwa sababu viazi hupikwa bila chumvi hata chembe.

Chemsha kilo moja ya viazi mviringo, na maganda yake yakiwemo ili visinywe maji, kisha vimenye na kuviponda vingali moto. Nyama isage, au ikate ndogo ndogo kwa kisu kikali. Iweke kikaangoni na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba, uikaushe mpaka isibaki na majimaji. Epua, tia kotmiri iliyokatwa na ndimu moja. Changanya na viazi, au ukipenda viringisha viazi viwe nje na nyama iwe ndani. Chovya katika mayai yaliyopigwa na ukaange katika mafuta yaliyopata moto barabara. Mafuta yakiwa vuguvugu, katlesi huyanywa na kupasuka.

Kwa vipimo hivi tulipata katlesi ishirini na nne. Chachandu tuliitengeneza kwa ukwaju, na kwa chumvi tukatia vijiko viwili vya ule mchuzi tuliouweka pembeni. Mkamwana ndiye aliyekaanga. Sisi tulikuwa wa kumenya viazi.

Jumapili: bokoboko

Fungu la pili lilikwenda kwenye chakula ambacho vijana wengi wa mjini wanakula katika harusi bila kukijua jikoni. Bokoboko ni ngano na nyama vilivyopikwa pamoja mpaka visitambulikane. Ndugu zetu wa Oman na nchi za Ghuba wanakiita harisi, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kukipika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Hatulitaji hili kwa kujifakharisha. Tunalitaja ili ijulikane kwamba chakula kinachoipokea nyama iliyochambuka si cha kuonewa haya.

Ngano iliyokobolewa, nusu kilo, ilowekwe usiku kucha. Asubuhi ioshwe, ipikwe kwa maji mengi na moto mdogo mpaka punje zipasuke. Hapo tia nyama na kijiti cha mdalasini, endelea kupika na kuongeza maji ya moto kila yanapopungua. Kisha ipigwe. Kazi yote ya bokoboko iko hapa: mwiko mzito, mkono usiochoka, na kuukandamiza mchanganyiko ubavuni mwa sufuria mpaka ulainike na kuvutika. Onja chumvi mwishoni. Sisi hatukuongeza hata kidogo, ule mchuzi wa Ijumaa ulitosha. Pakua katika sinia, sawazisha kwa mgongo wa kijiko, mwagia samli ya moto na vitunguu vilivyokaangwa vikawa vya kahawia.

Huwezi kupika bokoboko kidogo. Tulipomaliza tukaona sufuria imejaa kuliko tumbo za nyumba nzima.

Jumatatu: sambusa

Fungu la tatu tulilikausha kikaangoni kwa viungo vile vile, tukalipoza kabisa. Siri ya sambusa ni ukavu. Nyama yenye maji hulowanisha manda na kuzitoboa. Vitunguu maji vikatwe vidogo sana na vitiwe mwisho, nyama ikiwa imepoa, vikiwa vingi karibu sawa na nyama. Vitunguu hivyo ndivyo vinavyorudisha unyevu na utamu katika nyama iliyokwisha kupikwa mara mbili. Manda hununuliwa tayari Kariakoo, na anayetaka kuzisukuma mwenyewe hakatazwi. Funga kwa gundi ya unga wa ngano na maji. Nusu kilo ilitupa sambusa zaidi ya arobaini. Nyingine zilikwenda shule na watoto siku ile ile.

Jirani na bakuli

Tumesema sufuria ya bokoboko ilizidi. Tunaokumbuka Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, zenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani mmoja wa kupikia, tunajua kwamba zamani hapangekuwa na swali. Harufu ilikuwa taarifa. Aliyepika nyama alijua kwamba mlango wa pili umeinusa, na bakuli lilitoka kabla sufuria haijaepuliwa. Leo wengi tunaishi ghorofani. Milango ni ya chuma, na inawezekana kukaa mwaka mzima bila kujua jirani wa ukuta wa pili amekula nini, au kama amekula.

Imepokewa kutoka kwa Abu Dharr (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimwusia, apikapo mchuzi, auongeze maji na awakumbuke majirani zake. Tumeisikia hadithi hii mara nyingi mimbarini, lakini Jumapili ile tuliielewa kwa namna nyingine. Hakuambiwa aongeze nyama. Aliambiwa aongeze maji, kitu ambacho hata maskini anacho. Nyama yetu haikuongezeka hata wakia moja tangu Ijumaa. Kilichoongezeka ni maji, viazi, ngano na subira, na ikawalisha watu mara tatu ya wale iliowashinda.

Tulijaza mabakuli manne. Matatu yalipanda na kushuka ngazi za jengo letu. La nne tulilipeleka kwa wifi yetu.

Kabla ya kulipeleka tulimpigia simu, maana tuliona bakuli peke yake halitoshi. Tukamwambia, "Wifi, ile nyama uliyouliza kama imechongwa, tuliinunua sisi, tukaiharakisha sisi, na chumvi ya kwanza tuliitia sisi. Mtoto wa watu alicheka kwa kuwa alitustahi, kisha akalia jikoni. Na sisi tulicheka nawe, tukamwacha." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sikujua kama alilia. Nami wakati wangu nililia hivyo hivyo katika nyumba ile ile, kwa wali ulioungua, na sikumsahau aliyenicheka."

Bakuli lilirudi Jumatatu jioni. Kwa desturi yetu bakuli halirudi tupu: ndani mlikuwa na tende, na aliyelileta ni wifi mwenyewe. Hakuketi sebuleni. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akamkuta mkamwana akifunga sambusa za mwisho, akavuta kigoda. Hatukuingia. Tuliwasikia wakizungumza mpaka adhana ya Magharibi, na baadaye tuliambiwa kwamba wifi ameomba afundishwe kupiga bokoboko, kwa kuwa lake siku zote hubaki na punje.

Ndugu wasomaji, bei ya kilo ya nyama sote tunaijua, na katazo la israfu sote tumelisoma. Anayemwaga sufuria nzima kwa sababu haikupendeza siku moja anatupa mali, na anatupa jasho la aliyepika. Lakini tumejifunza kwamba katika sufuria ile nyama ndiyo iliyokuwa rahisi kuokolewa. Ilitaka moto mdogo na muda tu. Moyo wa aliyepika ungemwagwa pamoja nayo, na kwa huo hakuna papai bichi.

Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila: akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Basi tuanzie hapo. Chakula kikitushinda mezani, tukiache kwa ukimya mwema na tumshukuru aliyepika. Wageni wakiondoka, tuingie jikoni tukamwulize tumsaidie nini. Na ikiwa chumvi ya kwanza ilikuwa ya mkono wetu, tuseme mapema, mbele ya wale wale waliocheka.

Wabillahi tawfiq.